Mkanda wa distribisio: kwa nini gari za zamani zinazima njiani bila kuonya

Gari inapanda mlima vizuri, shofere hasikii kelele yoyote, hakuna taa iliyowaka kwenye tablo, halafu motere inanyamaza mara moja. Mafuta iko, batri iko. Demare inazunguka, tena kwa wepesi kuliko kawaida, lakini motere haishiki. Abiria wanashuka, vijana wanaitwa wasukume. Kwenye barabara ya Butembo na Beni watu wengi wamekwisha kuona jambo hili bila kujua jina lake. Sababu moja inayoleta hali hiyo ni kukatika kwa mkanda wenye meno ambao mafundi wa kwetu wanauita kuruwa ya distribisio, ao kuharibika kwa gale, ile roda ndogo inayoukaza.

Mkanda na gale si vitu vya bei kubwa ukilinganisha na motere. Lakini vikiachia kwenye motere ya mazutu, vinaweza kuiharibu kwa muda wa sekunde moja. Na ugumu wenyewe uko hapa: mara nyingi mkanda unakatika bila kutoa dalili. Mwenye gari hawezi kungoja useme. Ni lazima ahesabu kilometa na miaka, na aandike.

Kazi ya mkanda huu

Ndani ya motere kuna pande mbili zinazotegemeana. Chini, pistoni zinapanda na kushuka, na kuzungusha mhimili mkubwa ambao mafundi wanauita vilebreke. Juu, ndani ya kulasi, kuna supapu. Hizo ni milango midogo ya chuma inayoingiza hewa na kutoa moshi. Supapu zinasukumwa na mhimili mwingine, abrakame. Pande hizi mbili zinatembea kwa kipimo kimoja tu: vilebreke ikizunguka mara mbili, abrakame inazunguka mara moja. Mkanda wa distribisio ndio unaolinda kipimo hicho.

Kazi hiyo si ndogo. Motere ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila supapu inafunguka na kujifunga mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ukiruka jino moja, supapu zinafunguka mapema ao zinachelewa. Motere inapoteza nguvu, inatoa moshi, ao inakataa kuwaka asubuhi. Ukiruka meno mengi ao ukikatika, abrakame inasimama palepale, na supapu zingine zinabaki wazi.

Hapo ndipo motere ya mazutu inaumia kuliko ya esanse. Mazutu haiwashwi na buji. Motere inakandamiza hewa zaidi ya mara 20 mpaka joto lake liwashe mafuta. Kwa sababu hiyo, pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki kati yake na supapu ni ndogo sana. Supapu ikibaki wazi, pistoni inaigonga. Supapu inapinda, pengine inakatika na kuanguka ndani, na kipande hicho kinaweza kutoboa pistoni.

Motere zingine za esanse zina bahati. Kwenye 5A-FE ya Corolla za zamani, na 3S-FE ya RAV4 za kwanza na ya Noah za mwisho wa miaka ya 1990, nafasi ni kubwa. Mkanda ukikatika, motere inazima tu. Fundi anaweka mkanda mwingine, gari inaendelea. Mazoea mabaya yanaanzia hapo. Shofere aliyeona Corolla yake ikipona anafikiri hata Hiace ya mazutu itapona vilevile. Haitapona.

Kuna pia gari zisizo na mkanda huu kabisa. Vitz, IST na Probox zenye motere ya 1NZ ao 2NZ zinatumia mnyororo wa chuma, unaozunguka ndani ya mafuta ya motere. Mnyororo hauna siku ya kubadilishwa kama mkanda, lakini chakula chake ni mafuta safi. Mwenye gari akichelewesha vidanje, mnyororo unarefuka na kifaa chake cha kuukaza kinachoka. Ukisikia kelele kama ya minyororo inayogongana asubuhi motere ikiwa baridi, ujue ni huko. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: gari yangu ina mkanda, ao ina mnyororo?

Taa ya T-BELT inajua nini, na haijui nini

Toyota nyingi za mazutu, kama Hiace, Hilux, Prado na Land Cruiser ya 1HZ inayojulikana sana kwenye hospitali na mashirika, zina taa kwenye tablo yenye maandishi T-BELT. Mashofere wengi wanaiamini kupita kiasi. Wanasema: «Taa haijawaka, mukanda iko muzima.»

Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilometa tu. Kontere ikifikisha kilometa 100,000, ao 150,000 kufuatana na nchi ambayo gari ilitengenezewa, taa inawaka. Baada ya kubadilisha mkanda, fundi anatakiwa kuirudisha kwenye sifuri. Kwa modeli zingine ni kusukuma kifungo kidogo, kwa zingine ni kuhamisha skrubu nyuma ya tablo. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na hakuna kinachozuia mtu kuifanya bila kugusa mkanda. Anayetaka kuuza gari haraka anaweza kuizima taa na kumwachia mnunuzi mkanda uleule wa zamani.

Taa haijui pia kama kontere ilirudishwa nyuma. Haijui kama mkanda ulikuwa wa bei rahisi, wala kama unalowa mafuta kila siku. Na ampuli yake inaweza kuwa imekufa. Kujua ni rahisi: ukifungua kontakti bila kuwasha motere, T-BELT inatakiwa iwake pamoja na taa zingine, kisha izime. Isipowaka kabisa wakati huo, ampuli imeungua ao imeondolewa, na mwenye gari hana tena hata hesabu hiyo ndogo.

Gari inayoingia kwa Kasindi

Gari nyingi zinazofika Beni na Butembo zimetumika kwanza Japani. Zinashuka kwenye bandari ya Mombasa, zinavuka Uganda, kisha zinaingia kwa mpaka wa Kasindi. Zinapofika, zina miaka mingi, na mnunuzi hajui historia yake.

Lakini mara zingine gari yenyewe inaeleza. Garaji za Japani zina desturi ya kubandika karatasi ndogo karibu na motere ao chini ya kapo kila mkanda wa distribisio unapobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: kilometa na tarehe. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya wafalme wa kule. Kwa kipindi cha Heisei, kilichoisha mwaka 2019, unaongeza 1988: mwaka wa 20 ni 2008. Kwa kipindi cha Reiwa kilichofuata, unaongeza 2018. Kabla ya kuosha motere na kubandua kila kitu ili ing'ae, ni vizuri kutafuta karatasi hiyo na kuipiga picha.

Isipopatikana, hakuna haja ya kubahatisha. Gari yenye mkanda usiojulikana umri ihesabiwe kama gari yenye mkanda uliokwisha. Kuubadilisha kabla ya kuanza kazi ni sehemu ya bei ya kununua gari, kama vile kulipa duani.

Umri nao unahesabika. Mkanda ni mpira wenye nyuzi ndani, na mpira unazeeka hata gari ikilala uani. Gari iliyosimama miaka mingi ikiwa na kilometa chache haina mkanda mpya.

Kwa gari ya kazi, kilometa zinakimbia kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka Butembo mpaka Beni ni karibu kilometa 54. Gari inayokwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa juma, inafanya kilometa zaidi ya 33,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu imekwisha kugonga 100,000. Ikifanya safari mbili kwa siku, ni mwaka mmoja na nusu tu. Na hesabu ya kiwanda inafikiria matumizi ya kawaida. Vumbi, matope, mizigo na milima vinaomba kubadilisha mapema zaidi, si kungoja mpaka kilometa ya mwisho.

Gale, mafuta na vumbi

Mara nyingi mkanda haufi peke yake. Kinachouua ni jirani yake.

Gale ni jirani wa kwanza. Ndani yake kuna rulema yenye grisi iliyofungiwa humo tangu kiwandani. Grisi ikikauka, rulema inalia, inapata joto, mwishowe inakwama ao inavunjika. Hata mkanda wa jana, ukipita juu ya gale iliyokwama, unakatika. Ndiyo maana kubadilisha mkanda na kuacha gale ya zamani ni kazi ya nusu. Kuna mafundi wanaoosha gale kwa esanse ili ionekane mpya. Jambo hilo ni baya kuliko kuiacha chafu, kwa sababu esanse inaingia ndani na kuyeyusha grisi. Gale nzuri ukiizungusha kwa mkono inakwenda taratibu na bila sauti. Ikizunguka kama ina mchanga ndani, ao ikicheza kushoto na kulia, imekwisha.

Jirani wa pili ni mafuta. Nyuma ya mkanda kuna spi, zile duara za mpira zinazozuia mafuta ya motere kutoka. Spi ikichoka, mafuta yanalowesha mkanda, mpira unavimba na meno yanaanza kung'oka. Ukiona mafuta yanatiririka mbele ya motere chini ya mfuniko wa distribisio, usiongeze mafuta tu na kuendelea. Ufunguliwe mfuniko.

Jirani wa tatu ni maji. Kwenye motere zingine, kama 3S-FE, pompi ya maji inazungushwa na mkanda huuhuu. Ikikwama, inaukata, ikivuja, inaulowesha. Ni busara kuibadilisha siku ileile, kwa sababu kuifikia baadaye ni kulipa kazi ileile mara mbili.

Kisha kuna mfuniko wenyewe. Ni wa plastiki, unafungwa kwa buloni ndogo nyingi, na mafundi wenye haraka wanarudisha buloni mbili ao tatu, ao wanautupa kabisa. Mkanda usio na mfuniko unapokea vumbi, matope na vijiwe. Kijiwe kimoja kati ya mkanda na jino la chuma kinatosha kuurusha.

Watu wengi wanasema: «Fungua tuangalie, kama haujapasuka tuuache.» Kuangalia si vibaya. Mkanda wenye nyufa, wenye kung'aa mgongoni, wenye nyuzi pembeni ao wenye mafuta unatoka siku hiyohiyo. Lakini mkanda unaoonekana mzuri unaweza kuwa umechoka ndani, kwenye nyuzi ambazo jicho halifiki. Macho yanaweza kuhukumu mkanda kwamba ni mbaya. Hayawezi kuapa kwamba ni mzuri.

Siku ya kubadilisha

Ununuzi wa piesi ndiyo hatua ya kwanza. Mkanda unatafutwa kwa namba ya motere, si kwa jina la gari tu, maana Hiace mbili zinaweza kuwa na motere mbili tofauti. Fundi alinganishe wa zamani na mpya: idadi ya meno, upana, umbo la meno. Mkanda uliotundikwa kwenye msumari juani miezi mingi, uliokunjwa kwa nguvu ao uliogeuzwa ndani nje haufai, hata kama haujatumika. Na mkanda wa okazio, uliotolewa kwenye motere nyingine, haununuliwi kwa bei yoyote.

Kazi yenyewe inafanywa motere ikiwa baridi. Kabla ya kutoa mkanda, fundi analinganisha alama zilizochorwa kwenye roda za meno, juu na chini. Gale zingine zinakaza kwa resori, zingine kwa kifaa kidogo chenye mafuta ndani. Hicho cha mafuta kinarudishwa ndani polepole kwa etau na kuzuiwa kwa kipini, hakipigwi nyundo. Mkanda uliolegea utaruka jino. Uliokazwa kupita kiasi utalia kama filimbi na kuua rulema kabla ya wakati.

Halafu kuna jambo moja ambalo mwenye gari anaweza kusimama kulitazama, hata kama hajui umakanika. Kabla ya kupiga demare, fundi azungushe motere kwa mkono, kwa ufunguo, mizunguko miwili kamili ya vilebreke. Kisha arudi kutazama alama. Zikikutana, kazi ni sawa. Akisikia chuma kinakataa, asilazimishe, aanze upya. Dakika tano hizo ndizo zinazotenganisha kosa la kurekebisha na supapu zilizopinda.

Mwisho, mteja aombe piesi za zamani azione. Si kumdharau fundi. Ni kumwambia tu: «Fundi, nipatie ule mukanda wa zamani na gale yake, nitabeba.» Fundi aliyefanya kazi vizuri hatakasirika.

Ukikatika njiani

Motere ikizima gari ikitembea, kazi ya kwanza ni kuisimamisha salama. Freni zina msaada unaotoka kwenye motere. Motere ikifa, msaada uliobaki unatosha mikanyago michache tu, kisha pedali inakuwa ngumu. Kwa hiyo shofere asipige freni mara kwa mara. Akanyage mara moja, ashikilie kwa nguvu, na ashike volani kwa mikono miwili kwa sababu nayo itakuwa nzito. Gari ikisimama, avute freni ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu kabla abiria hawajaanza kuzunguka.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu inapingana na mazoea yetu: asijaribu kuwasha tena. Kila pigo la demare linapandisha pistoni kwenye supapu zilizobaki wazi. Kusukuma gari na kuingiza vitesi ni mbaya zaidi, kwani magurudumu yana nguvu kuliko demare. Motere iliyopinda supapu mbili inaweza kuishia na supapu zote, na pistoni juu yake. Ikiwa motere ilizima ghafla na demare sasa inazunguka kwa wepesi wa ajabu, ifunguliwe kwanza sehemu ya juu ya mfuniko na mkanda utazamwe. Ukiwa umekatika ao meno yameng'oka, gari ivutwe kwa kamba bila vitesi yoyote.

Si rahisi kumwambia mtu hivyo jioni, akiwa na abiria wanaolalamika, kwenye barabara ambayo si kila mahali mtu anaweza kulala kwa amani. Ndiyo sababu uamuzi mzuri ni ule unaochukuliwa garajini, mapema, gari ikiwa bado inatembea.

Nani anayehesabu?

Kwa gari za usafiri, tatizo si la ufundi tu. Shofere anatakiwa kurudisha versema kila jioni. Siku gari inalala garajini, yeye hana kitu. Mwenye gari naye anakaa mbali na motere na anangoja shofere aseme. Shofere anangoja dalili. Mkanda hautoi dalili. Hivyo kila mmoja anamtegemea mwenzake, na kilometa zinaendelea kupita.

Dawa yake ni makubaliano ya mapema. Mkanda na gale si hitilafu ya ghafla kama gurudumu lililotoboka. Siku yake inajulikana miezi mingi mbele. Mwenye gari anaweza kuweka pembeni kiasi kidogo kila juma kwa ajili ya siku hiyo, na wote wawili wakakubaliana kwamba siku ya mkanda haidaiwi versema. Akilinganisha na kutoa kulasi, kununua supapu, kulipa kamba ya kuvuta na kukosa kazi majuma kadhaa, ataona ni wapi pesa inapotea kweli.

Na kumbukumbu isibaki kichwani mwa mtu mmoja, kwa sababu mashofere wanabadilika na gari zinauzwa. Kipande cha karatasi ngumu kilichofunikwa kwa skochi, kikabandikwa chini ya kapo, kinatosha. Kiwe na mambo manne: tarehe, kilometa za siku hiyo, piesi zilizobadilishwa, na kilometa za kubadilisha tena.